Mkondo wa ngozi ya chura umegoma: usikimbilie kulaumu kiunzi cha seli

Wadau, hili swali nishaulizwa mara nyingi mpaka nimeona bora niliandike lote mahali pamoja. Mtu amefunga ngozi ya chura kwenye chemba ya Ussing, kile kisanduku chenye maji pande mbili na ngozi katikati cha kupimia mkondo wa umeme wake, ametia kolkisini au sitokalasini ili avunje kiunzi cha seli, yaani nyuzi za aktini na mirija ya maikrotubuli iliyo ndani yake, alafu anachoona hakieleweki, mara mkondo umeshuka wenyewe, mara haukushuka kabisa, mara dawa ya pili imekataa kufanya kazi, na yeye tayari ashaandika kwenye ripoti kwamba maikrotubuli ndizo zinazobeba sodiamu. Ngoja kwanza. Mimi ni fundi wa maabara tu hapa Malindi, si profesa, lakini ngozi hizi nimezifunga na kuzifungua miaka, na nikwambie ukweli, kiunzi cha seli kinasingiziwa sana. Mara nyingi kosa liko kwengine kabisa.

Kwa asiyejua tunazungumzia nini, kwa ufupi. Kwamba ngozi ya chura ina umeme wake yenyewe alilionyesha Emil du Bois-Reymond mwaka 1848. Miaka mia na kitu baadaye, 1951, Hans Ussing na Zerahn kule Denmark wakaonyesha umeme ule ni sodiamu inayovutwa kutoka nje kuingia ndani. Walichofanya ni kuweka maji sawa ya Ringer, maji ya chumvi yanayofanana na ya mwilini, pande zote mbili, wakailazimisha volteji iwe sufuri, na mkondo uliohitajika kuishikilia pale sufuri ukawa sawa na sodiamu inayopita. Ukitaka hesabu, maikroampia moja ni kama nanomoli 37 za sodiamu kwa saa. Sodiamu inaingia kwa chaneli zilizo upande wa nje, zile zinazozibwa na amiloraidi, alafu pampu iliyo upande wa ndani inazitoa tatu na kuingiza potasiamu mbili. Chaneli hizo hizo unazo wewe kwenye figo, ndio manake amiloraidi ikawa dawa ya kukojoza wanaopewa watu wa presha.

Na kiunzi? Kuna nyuzi za aktini zilizojipanga chini ya utando wa seli kama mataruma chini ya mbao za jahazi, na kuna maikrotubuli, mirija inayopita katikati ya seli ambayo vifuko vyenye chaneli mpya husafiri juu yake. Sitokalasini inakata nyuzi, kolkisini inamaliza mirija. Kwa hivyo kuna mlango, kuna pampu, kuna njia ya kuleta milango mipya, na kuna mshono kati ya seli na seli. Vitu vinne. Kila dalili utakayoiona, jiulize imetoka kwa kipi kati ya hivi vinne, na ndipo utaje dawa.

Mkondo uko chini tangu mwanzo, hujatia dawa yoyote

Hapa kiunzi hakihusiki kabisa, na nashangaa watu wanaendelea na jaribio na ngozi ya hivi. Kuna binti mmoja wa Mambrui alikuwa akifanya mazoezi kwetu, siku moja ananiita, "Ami, njoo uone, mkondo ni maikroampia tatu tu na volteji ni hasi!" Nikamwambia, mwanangu, volteji hasi ni kama kuvaa shati ndani nje, geuza ngozi. Upande wa ndani wa ngozi unatakiwa uwe chanya. Akageuza, mambo yakanyooka.

Ikiwa umeiweka sawa na bado iko chini, angalia ukingo wake. Ile pete ya chemba ikikaza sana inaponda seli za pembeni na maji yanapita hapo kama mtumbwi usiotiwa kalafati, paka grisi ya silikoni kidogo na usikaze kwa nguvu za kufungua mtungi wa gesi. Tumia ngozi ya tumbo, si ya mgongo. Alafu muangalie chura mwenyewe, kama alikuwa anajichubua, lile tabaka la juu linalotoka kama nailoni, basi siku hiyo muache, ngozi inayochubuka haina kitu. Na alikuwa akikaa kwenye maji gani? Sisi huku maji ya visima mengi yana chumvi, na chura aliyekaa kwenye maji ya chumvi siku kadhaa hana haja ya kuvuta sodiamu, homoni ya aldosteroni inashuka na chaneli zinapungua. Mtu anamtoa chura kwenye ndoo ya maji ya kisima cha Shela au cha karibu na ufuo hapa Malindi alafu analaumu elektrodi. Muweke kwenye maji matamu siku chache kwanza.

Madaraja ya agari nayo, ile mirija ya jeli yenye chumvi inayounganisha maji ya chemba na elektrodi, yakiwa na povu ndani au yamekauka ncha mpaka yameota chumvi nyeupe kama ndevu, hayasomi chochote cha maana. Tengeneza mengine, ni nusu saa tu.

Kolkisini imetiwa na hakuna kilichotokea

Hii ndio inayoniletea watu wengi kuliko zote na nimekaa nayo sana.

Sababu ya kwanza ni haraka. Kolkisini haivunji maikrotubuli kama nyundo, inachofanya ni kukamata vipande vya tubulini vilivyo huru ndani ya seli ili visijiunge, na kwa vile maikrotubuli siku zote zinabomoka na kujengwa upya basi taratibu zinaisha kwa kukosa tofali. Hilo linachukua saa, si dakika. Mtu anatia dawa, anangoja dakika kumi na tano kama anangoja chai ichemke, alafu anaandika haina athari. Mpe saa mbili mpaka nne kabla ya kupima, na kipande cha pili cha ngozi ile ile kikae muda ule ule bila dawa, kwa sababu ngozi yenyewe inachoka baada ya saa nne na utadhani ni dawa imeishusha.

Sababu ya pili ni mwanga, na hii naikiri kwa aibu. Nilikuwa naweka chupa ya kolkisini iliyokwishayeyushwa kwenye rafu ya dirishani, dirisha linaloangalia baharini, jua la Malindi unalijua. Wiki mbili hivi vikundi vitatu vya wanafunzi vikapata matokeo yale yale, hakuna athari, na vyote vitatu vikaandika hitimisho zuri kabisa kwamba maikrotubuli hazina kazi kwenye ngozi. Hazina kazi? Dawa ndiyo haikuwa na kazi! Kolkisini ikipigwa na mwanga inageuka kuwa lumikolkisini, ambayo haishikani na tubulini. Umbo lake linakaribiana na la kolkisini lakini kwa kiunzi ni maji matupu. Wenye akili wanaitumia makusudi kama kidhibiti, yaani kitu cha kulinganishia, wanatia lumikolkisini upande mmoja na kolkisini upande wa pili, kama zote mbili zinafanya kitu kile kile basi kitu hicho hakikutoka kwa maikrotubuli. Mimi niliitengeneza bila kujua na nikawapa watoto wa watu. Sasa chupa zangu zote nimezizungushia karatasi ya fedha ile ya kufunikia vyakula na ziko kabatini.

Sababu ya tatu ni kutarajia kitu kisichokuwepo. Maikrotubuli ni njia, si mlango. Ngozi iliyotulia, yenye milango yake tayari iko mahali pake, ukiiharibia njia mkondo hautashuka papo hapo kwa sababu milango bado iko pale. Ukitaka kuona kazi ya njia inabidi uiombe seli ilete milango mipya, yaani uipe homoni. Na hata hapo usiwe na tamaa, kwenye kibofu cha chura kuanzia 1973 ilionyeshwa kwamba kolkisini inapunguza vile homoni ya vasopresini inavyopitisha maji, lakini upitishaji wa sodiamu hauguswi hivyo. Maji na sodiamu havifuati njia moja ingawa homoni ni moja. Kwa hivyo ukiona kolkisini haikugusa sodiamu, inawezekana kabisa uko sawa na kitabu ndicho ulichokisoma vibaya.

Baridi sitaizungumzia sana, ila ujue maikrotubuli nyingi zinabomoka kwa baridi peke yake. Kama ngozi yako ililala friji usiku, kidhibiti chako nacho kimevunjwa kiunzi, ipe muda irudi joto la chumba ndipo ulinganishe.

Umetia sitokalasini, volteji imeporomoka

Hapa sasa ndipo utamu ulipo, manake watu wanaopima volteji peke yake wanadanganyika mchana kweupe.

Chukua mfano, namba zangu tu za kueleweka. Kabla ya dawa volteji milivolti 60, mkondo maikroampia 30 kwa sentimita mraba, ukigawanya unapata ukinzani wa omu 2000. Baada ya sitokalasini volteji imekuwa 24. Mtu wa haraka anasema usafirishaji umekufa. Lakini funga sakiti usome mkondo, kama bado ni 30 basi ukinzani umekuwa 800, na maana yake ni kwamba pampu inapiga kazi kama kawaida, mlango uko wazi kama kawaida, ila mshono kati ya seli na seli umeachia na umeme unavujia pale. Ule mshono unashikiliwa na mkanda wa aktini unaoizunguka kila seli. Umekata mkanda, mshono umelegea. Hilo ni tundu, si usafirishaji, na tundu haliongezi wala kupunguza mkondo wa sakiti fupi, ule unaosomwa volteji ikishikwa sufuri, ikiwa maji ya pande mbili ni sawa sawa, kwa sababu hakuna cha kuyasukuma.

Lakini tahadhari moja. Ukinzani wa ngozi ukishuka sana, ukinzani wa maji yenyewe kati ya elektrodi unaanza kuhesabika, na kama hukuutoa kabla ya kufunga ngozi basi volteji unayoiita sufuri si sufuri na mkondo utasoma mdogo kuliko ulivyo. Pima chemba tupu yenye maji matupu kila asubuhi. Ni dakika tano, usivivie.

Na kama mkondo wenyewe kweli umebadilika? Hapo uliza maswali mawili. Swali la kwanza, ni sitokalasini gani? Ile ya B inaziba pia njia ya glukosi kuingia kwenye seli, kwa hivyo unaweza kuwa umeinyima seli chakula ukadhani umekata aktini, ya D haina tabia hiyo sana, kama bajeti inaruhusu nunua D. Swali la pili, umeyeyushia nini? Hizi zote zinayeyushwa kwa DMSO, kiyeyushi cha maabara, na kipande cha kidhibiti lazima kipate DMSO kiasi kile kile, si maji. Nimeona mtu ametia DMSO nyingi mpaka chemba inanuka, alafu analaumu aktini, jamani.

Mkondo ukipanda badala ya kushuka usishtuke wala usirudie jaribio ukitafuta ushuke. Kwenye seli za A6, zilizotoka figo ya chura Xenopus, imeonekana kwamba sitokalasini inaamsha chaneli za sodiamu zilizokuwa zimelala, na nyuzi fupi za aktini zinafanya hivyo pia. Kwa hivyo kuvunja aktini kunaweza kufungua mlango na kulegeza mshono kwa wakati mmoja, volteji inashuka huku mkondo unapanda, na ukiwa na mita moja tu hutaelewa unachokiona mpaka kesho.

Njia ya kutenganisha ni amiloraidi mwisho wa jaribio. Tia upande wa nje, mikromola 100 inatosha na kubaki. Kilichoshuka ndani ya sekunde kadhaa ndicho sodiamu iliyokuwa inapita mlangoni. Kilichobaki si chake.

Vasopresini haipandishi mkondo baada ya kolkisini

Kwanza, umeitia upande gani? Vasopresini ina kipokezi upande wa ndani, upande wa damu, ukiimwaga nje utangoja mpaka adhana ya magharibi. Umeshahakikisha? Haya.

Sasa fuata mnyororo. Homoni inakamata kipokezi, kipokezi kinasababisha saikliki AMP, mjumbe wa ndani ya seli, itengenezwe, saikliki AMP inaamrisha chaneli ziongezeke juu, sodiamu inaingia, pampu inaitoa. Umekatika wapi? Ruka kipokezi, tia fosikolini, inayoifanya seli itengeneze saikliki AMP bila kupitia kipokezi, au teofilini ambayo ni dawa ya pumu ya siku nyingi, inazuia saikliki AMP isiharibiwe. Ikiwa sasa mkondo unapanda vizuri, basi shida ni kipokezi au homoni yako imeoza, kolkisini haina hatia. Ikiwa nayo haipandishi, uko chini ya saikliki AMP, na hapo ndipo njia ya maikrotubuli inaingia kwenye orodha ya washukiwa. Orodha tu.

Manake kuna mshukiwa mwengine, pampu. Kumtoa tia nistatini upande wa nje. Hii ni dawa ya fangasi, kwenye utando wa seli inatoboa vitundu ambavyo sodiamu inapita bila kuhitaji chaneli. Mlango umefungwa lakini sasa umevunja ukuta. Mkondo ukiruka juu, pampu iko hai na inasubiri tu kuletewa sodiamu, na kosa ni la mlangoni au la njia ya kuleta milango. Mkondo usipotikisika, pampu imechoka au seli hazina nguvu, na kolkisini yako imeua zaidi ya ulichokusudia. Jaribio hili dogo limeniokoa mara nyingi kuliko mashine yoyote ya bei, na watu hawalifanyi, sijui kwa nini.

Mpangilio wa dawa nao ni kitu. Homoni kwanza alafu kolkisini si sawa na kolkisini kwanza alafu homoni. Milango ikishafika juu, kuivunja njia kunakuwa kama kufunga barabara ya Mambrui baada ya matatu zote kushafika Malindi. Na aldosteroni ni mambo mengine, hiyo inahitaji kama saa nzima kabla hujaona kitu kwa sababu protini mpya zinatengenezwa, usiipime kwa saa ya vasopresini.

Asprini pia. Kama kwenye maji yako kuna asprini au indometasini kwa sababu yoyote, ujue ngozi ya chura inajitengenezea kemikali ziitwazo prostaglandini zinazopandisha sodiamu, na dawa hizo zinazikata. Mkondo utashuka polepole na utamsingizia mtu.

Ouabaini haishushi mkondo

Hii inazima pampu, na inafanya kazi upande wa ndani peke yake. Inachelewa kuliko amiloraidi kwa sababu inapaswa kupenya nyama yote ya chini ya ngozi kabla ya kuzifikia seli, kwa hivyo ngoja.

Lakini ukingoja na bado, hebu nionyeshe huyo chura. Ana ngozi ya vipele vipele na mafuko ya sumu nyuma ya macho? Basi si wa kutumia na ouabaini. Chura wa aina ile anabeba sumu zake mwenyewe zinazofanana na ouabaini, na pampu yake imejengwa isidhurike nazo. Unaweza kumtilia mpaka chupa iishe. Watu wetu wanawaita wote chura, na hapo ndipo jaribio linapoharibika. Chukua yule laini anayeruka mbali, wa mashamba ya kando ya Sabaki baada ya masika.

Jina lenyewe la ouabaini limetoka kwa Wasomali, waabaayo, sumu ya mishale, na mti wake ni msunguti, ule ule ambao wawindaji wa Kigiriama na Waata huku kwetu walipakaza kwenye mishale yao. Wafaransa wakaitoa sumu hiyo mtini 1888 na leo tunaiagiza kwa chupa ndogo kwa bei ya ajabu. Vaa glavu. Kolkisini nayo vaa glavu, inatibu jongo kwa kipimo kidogo sana na inaua kwa kisichokuwa kikubwa sana.

Kila kitu kinashuka, kila siku, hata bila dawa

Kata ngozi ya tumbo katikati, kipande kimoja dawa, cha pili bila dawa, chura mmoja, siku moja, maji mamoja. Usilinganishe ngozi ya leo na ya juzi.

Yule binti wa Mambrui alifanya hivyo siku yake ya mwisho kwetu. Kipande cha sitokalasini mkondo ukaanza kuteremka, 28, 25, 21, akafurahi, akaniita nije nione aktini inavyokatika. Nikamwambia nisomee cha pili. Akakaa kimya kidogo. "Ami, nacho ni 21." Tukatazamana. Tukainama chini ya meza, pampu ya hewa ilikuwa imenyamaza, hakuna hata povu moja kwenye maji ya chemba zote mbili, stima ilikuwa imepotea saa nne na kurudi, na ile pampu ni ya kubonyeza, stima ikirudi haijiwashi.